Mstari wa Oksijeni Nilioukata

Papa Ngoy,

Bajeti ya mwaka huu ilipita, ni miezi sasa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumeamka salama. Wabunge wa jimbo waliipigia kura mchana, matumbo yakiwalia, na mmoja wao alisinzia tangu ukurasa wa mapato mpaka makofi yalipomwamsha. Safari hii wameipa jina: bajeti ya kufufua uchumi. Ungecheka kwa pua vile ulivyozoea, kisha ungesema bajeti haifufui mtu, inaandika tu nani atakula.

Kiti chako nimekikalia mimi. Ndiyo, mimi Monique, uliyenipokea ofisini nikitoka chuo na viatu vya dada yangu miguuni. Siku hizi wananiita chef, mkubwa wa ofisi, na bado nikiitwa hivyo nageuka kukutafuta. Mji unajitahidi. Foleni ya malori mpakani Kasumbalesa imerudi kuwa ndefu, wavunja pesa wamerudi na mafurushi yao ya noti, ushuru unaingia. Kule Golf, mtaa wa wenye pesa, wanajenga nyumba za ghorofa zenye vioo vingi, sijui nani atavifuta. Huku kwetu unga wa bukari bado ni ghali na kuna milango ambayo haijafunguliwa tangu wenyewe wazikwe. Uchumi umepona zaidi kwa wale ambao hawakuugua.

Lakini sikushika kalamu kukupa habari za mji. Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai, Papa, na sasa naliandika kwa sababu nikija kaburini mdomo unanikatalia. Jumapili nilikuja baada ya misa, nikang'oa majani yote, nikafuta jina lako kwa kitambaa, nikaondoka.

Unaijua kazi yetu, wewe ndiye uliyenifundisha. Mikutano ya bajeti ikifunguliwa, kila mstari wa matumizi huja na mwenyewe: mtu wa barabara, mtu wa shule, mtu wa hospitali. Anakaa kwenye lile benchi la mbao upande wa dirisha, sisi tuko mezani, naye anatueleza kwa nini mstari wake usife. Ofisini tunaita hiyo kulilia mstari. Mstari usiotoa hata faranga moja mwaka mzima tunasema umelala. Ukilala miaka miwili na mwenyewe asije kuulilia, unakatwa. "Mustari yenye haina muntu wa kuililia, ile ni maiti," ulikuwa ukisema, na mimi nilicheka nikaiandika kwenye daftari. Asiyekuwepo na lake halipo. Desturi hiyo haimo kwenye kitabu chochote, na sikuwahi kuona mtu akiivunja. Na sisi wa mezani hatulilii. Anayegawa nyama hasemi yeye anapenda kipande gani, hilo nalo lilikuwa lako.

Ila wewe ulikuwa na utaratibu wako peke yako. Kabla ya kukata chochote, tulisoma mistari sisi wawili, wewe kwa sauti, kidole kwenye karatasi, mimi natia alama. Na mstari uliolala hukuukata mpaka umempigia simu mwenyewe na kumuuliza yuko wapi. Wakubwa waliona unapoteza muda. Mimi pia niliona hivyo, nasema kweli. Nilikuwa naangalia saa ukutani na kusonya moyoni, kazee haka katatuchelewesha mpaka lini.

Mwaka ninaotaka kukuambia, korona ilikuwa haijafika kwetu. Mjomba wako akafariki Kamina, ukapanda treni kwenda kilioni, ukaniachia rasimu. Uliniambia mlangoni, sanduku lako limefungwa kwa kamba: "Ngoya nirudie, Monique. Za hôpital tutasoma pamoja." Treni ya Kamina wewe unaijua kuliko mimi, baba yako alifanya kazi relini maisha yake yote. Siku ulizotaja zikapita, bado uko njiani, na mkurugenzi akataka rasimu Ijumaa. Mapato na matumizi yakawa hayalingani. Tulikuwa tumeshusha makadirio ya ushuru wa mpakani, na pengo likabaki pale linanitazama.

Nikazunguka na zile karatasi mpaka nikaona mstari mmoja: mtambo wa kutengeneza oksijeni, kwa hospitali moja ya mji. Ulikuwa umelala miaka miwili. Daktari wake hakuja kwenye benchi. Baadaye nilisikia kwamba saa ile alikuwa chumba cha upasuaji, mikono ndani ya tumbo la mtu. Kiasi cha mstari ule kiliziba pengo karibu sawasawa. Nilifurahi, Papa. Nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikavuta, na hesabu ikakaa. Namba ya simu ya daktari ilikuwepo pembeni ya karatasi, kwa mwandiko wako, na simu yangu ilikuwa mkononi.

Uliporudi, vumbi la safari bado kwenye kola, uliuliza neno moja: "Na za hôpital?" Nikakujibu: "Zilisha kuisha." Ukanitazama kidogo, ukavua miwani, ukasaini. Hapo nakukasirikia pia, ukitaka kujua. Kwa nini ulisaini? Kidole chako kilikuwa wapi siku ile? Miaka yote hukuamini karatasi usiyoisoma, ukaja kuniamini mimi siku niliyokuwa sistahili. Ulikuwa umechoka, najua. Ulikuwa umemzika mjomba na kusimama ndani ya treni siku nzima, na nilijua hivyo wakati nakujibu.

Kisha ikaja korona. Mpaka wa Kasumbalesa ukafungwa kwa watu, masoko yakawa nusu, tukaanza kuvaa barakoa nilizoshona kwa mabaki ya vitenge, na yako ulisema inakufanya ufanane na mwizi wa kuku. Ukacheka, ukakohoa. Baada ya hapo sikumbuki tena ukicheka.

Hospitali waliyokupeleka ilikuwa ile ile. Hawakuniruhusu kuingia. Nilikuona kupitia kioo cha mlango, umekaa kitandani kwa sababu kulala kulikuwa kumekushinda, mabega yanapanda na kushuka. Walikuwa na chupa mbili za oksijeni kwa chumba kizima na wagonjwa walipewa kwa zamu. Zamu, Papa. Kama maji ya bomba. Mama Véro wako alikaa chini kwenye korido, viatu amevivua, anahesabu rozari, na kila muuguzi akipita anamshika koti kuuliza zamu ya mume wake imefika wapi. Mdogo wake, yule anayefanya kazi mgodini, alipata chupa moja kwa mafundi wa huko, akaifunga nyuma ya pikapu na kuja nayo mbio. Alipoingia uani, mimi ndiye niliyempokea. Nilimwambia azime gari. Ulikuwa umeshatutoka.

Tulikuzika bila kilio. Watu wachache, sanduku limefungwa, padri anasali akiwa mbali. Hakuna aliyelala nje kwenu, hakuna moto uani, hakuna wanawake waliotoka Kamina kuja kuimba. Wewe uliyekwenda na treni ile kwa ajili ya kilio cha mtu mwingine. Mama Véro alikaa sebuleni peke yake, na majirani wakampungia mkono kutoka njiani kwa sababu waliogopa kuingia.

Sijui kama mtambo ule ungenunuliwa. Naijua bajeti, naijua mistari inayoandikwa vizuri na isitoe kitu. Najiambia hivyo nikioga, nikiwa kwenye basi, nikimenya viazi vya watoto. Kisha naiona ile namba ya simu pembeni ya karatasi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja nizeeke.

Sasa sikiliza nilichofanya mwaka huu, na kama nimekuharibia jina utanisamehe. Siku ya mikutano alikuja mtu wa barabara ya Kasomeno, akalia vizuri sana. Alileta hadi picha za malori yaliyozama kwenye matope na mahindi yameota ndani ya magunia, na sikumlaumu, ile barabara inaua biashara ya watu. Mtu wa hospitali naye alikuja, safari hii wa utawala, mwenye shati safi, akaomba rangi ya kuta na mashuka. Oksijeni hakuitaja. Nilimuuliza kwa upole kama hakuna kingine, nikamuuliza tena, akapekua karatasi zake akasema hakuna. Mkurugenzi akajua nauwaza ule ugonjwa, akanikata: "Maladie ilisha kuisha, mama. Sasa bantu banaomba barabara."

Nikaacha kalamu mezani. Nikainuka, nikazunguka meza, nikaenda kukaa kwenye benchi. Nadhani walifikiri naenda kufungua dirisha. Nikasema mimi ni Monique wa ofisi hii, nimekuja kulilia mstari wa mtambo wa oksijeni, kwa sababu mimi ndiye niliyeukata, sikumpigia simu mwenyewe, na mtu aliyenifundisha kazi alifia hapo akingoja zamu. Nilitaka kusema zaidi, nilikuwa nimejiandaa na sababu nzuri, za uchumi pia, kwamba mji usiopumua haulipi ushuru. Zote zilinitoka kichwani. Sauti ikakatika, kamasi zikanitoka, nikajifuta kwa mkono wa blauzi mbele ya watu wote wale wenye tai. Mtu wa Kasomeno ndiye aliyenipa leso. Mkurugenzi akasema waandike.

Wakaandika. Uko kwenye matumizi ya afya, umepigiwa kura, una muhuri. Nilitoka bungeni siku ile mwepesi, nikidhani nimemaliza. Nikanunua mikate na sukari, nikaenda kwenu Katuba kumwambia Mama Véro yote. Maana yeye hakuwa anajua, Papa. Miaka yote hii ananipikia sombe, ananiita binti yake, ananionyesha picha zako, na hajui.

Alikuwa anachekecha unga. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono. Nilitegemea alie, au anipige, au aseme ni mapenzi ya Mungu. Aliniuliza kama chupa ziko hospitali. Nikamwambia mstari uko. Akaniuliza tena kama chupa ziko. Nikasema bado, Mama, pesa lazima zitolewe kwanza. Ndipo akaweka chekeche chini. "Basi, Monique. Utakuya siku ile bantu beko banapumua kule. Kabla ya pale, usikuye tena hapa." Hakupaza sauti. Akanirudishia mikate. Sukari ilibaki mezani, nadhani kwa kusahau.

Hiyo ni miezi mingi sasa. Tingatinga zimefika barabara ya Kasomeno, nimefurahi kwa ajili yao. Mstari wetu haujatoa faranga. Nimeandika barua za kuomba mpaka katibu ananikimbia, nimekaa kwenye korido za watu wanaotoa pesa, na kila nikienda naambiwa nirudi wiki ijayo. Mstari umelala, Papa. Na jana mkurugenzi aliniomba nimwandalie orodha ya mistari yote iliyolala, kwa ajili ya bajeti ya mwakani. Wewe unajua orodha hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi.

Sitauweka kwenye orodha bila kuulilia. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na naiandika ili nisije nikaigeuza. Yule daktari nimempata, namba yake uliyoiandika pembeni ya karatasi bado inaita, na safari hii atakuja benchini hata kama itabidi nimfuate nje ya chumba cha upasuaji. Mwaka ukiisha bila kitu, nitaacha tena kalamu mezani na kukaa naye pale, na mwaka utakaofuata hivyo hivyo. Tayari wananong'ona kwamba chef ameingiwa na wazimu. Wakinihamishia Kasumbalesa kuhesabu malori, nitaomba ruhusa kila msimu wa bajeti nije kulia. Na nitasoma kila mstari kwa sauti, kidole kwenye karatasi, hata wakisonya nyuma yangu.

Kwaheri, Papa Ngoy. Pumzika, wewe uliyechoka kwa ajili ya watu wengi. Kwako nitaendelea kuja Jumapili, pengine siku moja mdomo utafunguka. Kwa Mama Véro sijarudi. Njia yangu ya kazini inapita mbele ya nyumba yenu, na asubuhi huwa namwona uani. Navuka, napita upande wa pili.

Mwanafunzi wako,
Monique