Sato Wasioguswa na Nzi

Kigongo, Jumatano, 1998

Mpendwa dada Veronika,

Mfikishie Mama shikamoo yangu. Jua ni kali, nangoja kivuko cha kwenda Busisi. Kwa kuwa Mama aliniagiza sato, nilisimama kwa mama mmoja muuza samaki. Sato wake waling'aa, hapana nzi hata mmoja. Meza ya pili ilikuwa nyeusi kwa nzi, na huko ndiko watu walikogombania kununua! Abiria mwenzangu akacheka: "Kaka, nzi anakimbia dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Siku hizi wavuvi wanaimwaga ziwani, samaki wanaelea, wanaokota tu."

Nikawaka. "Mama, unatuuzia sumu?"

"Sikumwaga mimi, kaka. Nami nimenunua kwa wavuvi."

"Na wanao unawapikia hawa?"

Akawafunika sato kwa kanga. "Wanangu hawapendi sato."

Mtoto wa ziwani asiyependa sato, dada, umemwona wapi? Naandika kwa hasira, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Hata wale wenye nzi sikununua, maana maji walimotoka ni yale yale. Mama anisamehe, nitarudi mikono mitupu. Wabusu watoto, na uwapikie maharage.

Kaka yako akupendaye,
Joseph