Supu ya Mama Yako Imepoa

Baba Hae-in,

Saa moja na robo asubuhi supu ya mama yako ilikuwa imepoa, na kijiko chake bado kimelala mezani. Ulikuwa unatufundisha kuheshimu wazee. Nyumbani humu hakuna anayekula kabla ya Mama kuinua kijiko, na Mama hainui kijiko mwanawe akiwa anazungumza, kwa hiyo sote tulikula hotuba.

Hae-in alisema, "Baba, Bibi ana njaa." Ukamfukuza mezani kwa kukatiza somo la adabu. Amekwenda kufanya mtihani na tumbo tupu.

Wali umo kwenye sufuria ya umeme, kabichi ya kimchi kwenye friji. Mama anywe dawa saa sita, baada ya kula. Tafadhali somo la mchana liwe fupi.

Jioni ~~zungumza na Hae-in~~ mwombe Hae-in msamaha. Kuzungumza umeshazungumza.

Najua umejifungia chumbani unaichunguza nafsi yako, kama kila asubuhi. Ukimaliza, vichunguze na vyombo kwenye sinki.

Ulipofunga mlango, Mama alihamishia wali wake wote kwenye mkebe wa chakula, akanikabidhi.

"Mpelekee mtoto," alisema. "Huyo wa chumbani nilimlea mwenyewe, sina wa kumlaumu."

Mama Hae-in