Bramwick Hazifiki Mezani

Thunder Bay, 19 Januari

Dada Delphine,

Habari za huko na baridi? Mimi mzima, kikohozi tu, nacho kimeanza kuniacha. Goti la Mama linaendeleaje?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza shule ya kijiji inunue laptopu gani, Osterlo au Bramwick, maana bei ni ileile. Mimi sijasoma, dada, unajua. Ila naangalia. Tangu Oktoba kila mbovu inayoletwa hapa kazini kwa fundi wangu Mzee Toivo naichorea kijistari kwenye kadibodi. Osterlo arobaini na moja. Bawaba zimelegea, kibodi zimemwagiwa kahawa, betri zimevimba. Bramwick mbili tu.

Basi chukueni Bramwick.

Sijapiga simu kwa sababu kwenye simu maneno yananikimbia.

Mdogo wako,
Ambrose

*

Ziwa la Mwewe, 1 Februari

Mdogo wangu Ambrose,

Sisi wazima. Goti la Mama leo zuri, kesho baya. Anakusalimu, anauliza huko unakula nini.

Barua yako niliisoma mbele ya baraza la kijiji. Mjomba Gideon akadakia, "Huyu si ndiye aliyekimbia shule darasa la tisa? Leo ndiye atuchagulie vitu vya shule?" Nikamwambia, "Na wewe Mjomba uliyemaliza, umeshatengeneza nini zaidi ya kelele?" Watu wakacheka mpaka chifu akagonga meza. Wamekubali. Bramwick ishirini na sita, ziwahi lori kabla barabara ya barafu, ile ya juu ya ziwa lililoganda, haijayeyuka, maana ndege haipakii betri nyingi hivyo.

Uzito wa jambo hili unaujua. Zikifanya kazi, watoto wa darasa la tisa watasomea hapahapa, mwalimu wamwone kwenye skrini. Zikifa, watapandishwa ndege waje huko mjini kuishi kwa watu wasiowajua, kama wewe ulivyopelekwa ukiwa na miaka kumi na mitatu.

Dada yako,
Delphine

*

Thunder Bay, 12 Februari

Dada,

Natumai hamjambo wote. Nimepiga simu tangu jana, haishiki. Kama pesa bado hazijatoka, zizuieni. Nimekosea.

Jana Mzee Toivo alinituma kwenye dampo la vyombo vya umeme nikamtafutie skrini. Nikakuta kontena zima la Bramwick, zimepangwa kama matofali. Nilihesabu mpaka mia na kumi nikaacha. Osterlo niliona tisa. Nikamuuliza jamaa wa pale mbona hivi. Akasema, "Hizo zikizima zimezima. Zimebandikwa gundi pande zote, hakuna skrubu hata moja. Nani ahangaike kupeleka kwa fundi?"

Nilimsimulia Mzee Toivo, akacheka mpaka akakaa chini. "Bwana mdogo, ulikuwa unahesabu wagonjwa hospitalini. Maiti haipangi foleni kwa daktari."

Osterlo zinaharibika, ndiyo, lakini vitu vidogo, na zinafunguka kwa bisibisi moja. Watu wanazileta kwa sababu zinapona. Mimi niliangalia meza yangu nikadhani nimeona zote.

Isome hii barazani kama ulivyosoma ile.

Mdogo wako,
Ambrose

*

Ziwa la Mwewe, 3 Machi

Mdogo wangu,

Tuko salama. Theluji ilitufunika siku kumi na mbili, ndege ya barua haikutua. Barua yako imenifikia juzi. Laptopu zilishafika kwa lori tarehe 16 Februari, zimeshalipiwa, na muuzaji hapokei kitu kilichofunguliwa boksi.

Nne zimezima. Moja haikumaliza hata siku mbili.

Nimeisoma barazani kama ulivyosema. Nilijua Mjomba Gideon atanirarua. Badala yake akasema, "Muulize kama kuna njia ya kuzifungua." Baraza limeamua zilizozima zikifika kumi, watoto wataandikishwa kuja huko mjini Septemba.

Sina la kukulaumu wala la kukubembeleza. Njia ipo au haipo?

Dada yako,
Delphine

*

Thunder Bay, 14 Machi

Dada,

Nashukuru kama mko salama. Mimi mzima, vidole tu vimeungua kidogo.

Njia nilikuwa siijui. Nilimwomba jamaa wa dampo Bramwick zilizokufa, akanipa kumi na tano bure. Nikawa nazipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, halafu napitisha waya wa gitaa kwenye gundi taratibu. Ya kwanza kioo kilipasuka. Ya pili vilevile. Kumi na moja nimezivunja. Ya kumi na mbili ilifunguka. Ndani nikakuta waya mmoja mwembamba wa umeme umeachia, basi. Nikauchomelea kwa risasi, ikawaka. Ya kumi na tatu ugonjwa uleule, ya kumi na nne uleule.

Lori la mwisho linapita kwenye barafu Jumatano ya mwisho wa mwezi, nitakuwemo. Mzee Toivo amenipa ruhusa ya mwezi mmoja. Nitafungua zote ishirini na sita, nzima na zilizokufa, niukaze huo waya kabla haujaachia. Sisemi hazitazima tena. Nasema zitafunguka.

Niwekee meza karibu na dirisha. Wazazi wakitaka maelezo, waelezee wewe.

Ya kumi na tano sijaigusa. Naileta ilivyo, mtoto mmoja aifungue mwenyewe, mimi niwe namwangalia mikono.

Mdogo wako,
Ambrose