Mshahara wa Jana, Bei ya Leo

Ndosho, Goma
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu Masika,

Amani ya Bwana ikae nawe hapo kwa kaka yako. Je, goti limetulia, au bado linakusumbua baridi ya Butembo inaposhuka? Ile dawa unainywa, au umeiweka dirishani ukingoja ikuponye kwa kuitazama? Nakuuliza kwa sababu nakujua. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi kimeniacha. Nakula vizuri, ingawa mke wa Kambale hutia mafuta mengi katika mboga ya sombe kuliko unavyotia wewe, nami sijamwambia.

Barua hii naikabidhi kwa mfanyabiashara wa vitunguu anayekuja huko kwa njia ndefu ya kuzunguka, kwa hiyo usishangae ikinuka gunia. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu zetu hukatika kila habari inapoanza kunoga, na habari hii sitaki ikatike. Keti kwanza. Nimepata kazi.

Nitakueleza kwa utaratibu. Unajua nilivyoishi hapa tangu shule yetu niliyoisimamia ilipofungwa tukatawanyika, wewe kwa kaka yako, mimi kwa Kambale, mtoto wa mdogo wangu. Kambale ananiheshimu. Alinipa sebule yake nilale, na kila asubuhi niliamka kabla ya wengine nikakunja godoro, ili wateja wanaomletea simu za kutengeneza wasinikute nimelala. Hakuna aliyenisema vibaya. Lakini mzee asiye na mlango wake ni mgeni, na mgeni hawezi kumwita mke wake aje. Hilo ndilo lililonisukuma kutafuta kazi katika umri huu. Sikutafuta cheo.

Huko Himbi, karibu na ziwa, kuna kituo kinachofundisha watu wazima kusoma na kuandika. Walitafuta msimamizi wa walimu: mtu wa kuzunguka madarasa yao ya Ndosho na Kibati, aketi nyuma, asikilize, asahihishe. Nimefanya nini kingine maishani? Niliandika maombi yangu. Siku ya kuyapeleka homa ilinishika, Kambale akayachukua kwa pikipiki yake. Aliporudi alikuwa na furaha kuliko safari ilivyostahili, nami sikuuliza kwa nini.

Wakaniita. Kambale akanipeleka, nimevaa lile koti la kijivu uliloshona kola yake. Tulipofika kwenye lango la kituo akazima pikipiki, akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, ingawa mkono wangu unakataa.

"Papa mukubwa, kiko kitu kimoja. Siku ile nilileta barua, directrice, mukubwa wa kituo, alikuwa pale pa mulango. Aliniuliza ulikuwa unapata mushahara gani kule kwa masomo, kwa shule yenu. Nikamuambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilipandisha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mara mbili."

Nikashuka kwenye pikipiki. "Ulimdanganya."

"Apana, Papa! Haiko uongo, iko bei. Weye uko Munande ao siyo? Mama wa viazi anaanzaka na bei ya chini? Banaanza juu, banashuka polepole, banapatana. Batu bote ba hapa banafanya vile. Ukisema ile ya kweli, batakulipa ya kununua chumvi tu."

"Na wakiuliza kule nilikotoka?"

"Bataulizia nani? Masomo ilifungwa. Hata kengele bameiba."

Masika, hasira ilinipanda, lakini nusu ya maneno yake ni ya kweli. Sisi Wanande tumezaliwa sokoni. Mama yangu aliuza maharagwe maisha yake yote, akitaja bei ya kwanza juu kabisa, na Jumapili alipokea Ekaristi bila wasiwasi. Hakuna padre aliyemkemea. Basi Kambale alikosea wapi? Nilivuka ua ule nikijiuliza, na nilikuwa nimekwisha kufika kwenye kiti nilipoelewa. Bei ni neno kuhusu jambo ambalo bado halijatendeka. Kila mtu ana haki ya kulipandisha. Mshahara nilioupokea umekwisha kupokelewa na kuliwa. Huo si wangu tena kuupandisha wala kuushusha.

Mkurugenzi ni mama wa makamo kutoka Rutshuru, mwenye sauti ya chini na macho yasiyotoka usoni pako. Kando yake aliketi mhasibu, kijana mwenye tai nyekundu. Mama akaniuliza juu ya kazi. Ningefanya nini nikimkuta mwalimu anafundisha huku ameketi? Ningefanya nini darasa la akina mama likiwa tupu siku ya soko? Nilimjibu kwamba siku ya soko darasa lihamie sokoni. Akacheka kidogo. Akamtazama mhasibu, kisha akanitazama mimi.

"Bon, muzee. Kazi ni yako. Mutoto wako alituambia ile ulikuwa unapata. Tutakupa hiyo, tutaongeza kidogo juu. Ni sawa?"

Niliuona mlango wetu, Masika. Niliuona na kitasa chake, na wewe umeketi ndani umenyoosha goti. Wala sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu na kutikisa kichwa, kitendo ambacho hata mbuzi anakiweza.

Nikasema, "Mama, kijana wangu hakukuambia kweli. Alichotaja ni mara mbili ya kile nilichopokea."

Kisha nikaueleza mshahara wangu kama ulivyokuwa: kidogo cha serikali, kilichokuja kilipotaka, kidogo cha wazazi wa wanafunzi, na kila msimu wazazi hao walitulimia shamba letu la maharagwe, wakatuletea kuni. Wewe unajua, kwa maana ndiwe uliyeyapika maharagwe hayo.

Mhasibu akacheka mpaka tai ikaruka begani. "Muzee amejikata miguu ye mwenyewe! Directrice, tunaanza upya. Ile yake ya kweli, na kitu kidogo juu. Maharagi tutamupa pia?"

Mama hakucheka. Lakini hakumkataza pia, na nikaona kwamba kijana yule alikuwa karibu kushinda. Hapo ndipo damu ya mama yangu ilipoamka ndani yangu.

"Mama," nikasema, "ukienda kununua mbuzi, unauliza mwaka jana aliuzwa bei gani, au unamtazama mgongo?"

"Ninamutazama mugongo."

"Basi mgongo umeutazama, na umesema kazi ni yangu. Sasa nitaje bei."

Nikaitaja. Ilikuwa juu sana kuliko ile ya Kambale. Mhasibu akaacha kucheka.

"Lakini muzee, umetoka kusema sasa hivi ulikuwa unapata nusu!"

"Nilichopokea jana ni habari, mwanangu. Ninachokitaka leo ni bei. Habari haina mapatano. Bei, tupatane."

Mama akavuta kiti mbele. Nikaona kwamba naye alikuwa na mama aliyeuza kitu mahali fulani. Akataja chini sana. Nikamwambia kwamba kwa kiasi hicho atapata mzee wa kulinda lango. Akapanda. Nikashuka. Akapanda mpaka nusu ya nilichotaka, akakunja mikono. "Mwisho, muzee."

Nikachukua kofia yangu, nikamshukuru, nikaondoka. Unaijua hatua ya muuzaji anayekunja mzigo wake: haiwi ya haraka, asije akaachwa aende kweli, haiwi ya polepole, asije akachekwa. Nilikwenda hivyo. Nilijiambia, Paluku, sasa kazi umeipoteza mara ya pili kwa saa moja. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika mlango.

"Muzee! Kuya hapa. Weye shuka kidogo, miye nipande kidogo, tusigombane mbele ya huyu mutoto."

Tukapatana. Nami nakuambia bila haya: tulipatana juu ya uongo wa Kambale. Kiasi chenyewe sikiandiki, kwa kuwa barua hii inapita katika mikono mingi. Utakisikia kwa kinywa changu.

Tuliposhikana mikono, mama alisema hivi: "Bote baliketi kwa ile kiti tangu asubuhi, balikuwa banalipwa sawa baminisitre ba serikali. Weye tu ulilipwa maharagi. Kule Kibati sitafika kila siku, muzee. Ninatafuta mutu ataniambia darasa iko tupu wakati iko tupu." Kisha akamgeukia mhasibu. "Na weye, andika. Ulikuwa unacheka sana."

Nje, Kambale alikuwa ameinamia usukani wa pikipiki kama mtu aliye msibani.

"Ulisema ukweli," akanena. Hakuwa anauliza.

"Nilisema."

"Bakakata."

"Wakaongeza."

"Juu ya ile ya kwako?"

"Juu ya ile ya kwako."

Alipiga kelele mpaka mlinzi akatoka na rungu. "Kumbe Papa mukubwa ni muchuuzi! Na miye nilikuwa namufundisha!" Tulivuka Himbi yote akipiga honi kama watu wanaotoka harusini, na wanaume waliokuwa wakisukuma chukudu zao, zile baiskeli za mbao, zilizojaa mkaa walitupisha wakidhani tuna bibi arusi. Sikumkataza. Kwa siku hiyo moja sikumkataza.

Kesho yake nilimrudisha kwa mama yule aombe msamaha. Alibisha, akasema nimekwisha kushinda, msamaha ni wa nini. Nikamwambia kwamba ushindi wangu haukuufuta uongo wake. Akaenda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamsamehe, kisha akafungua droo akampa simu zote mbovu za ofisi azitengeneze bure. Mpaka leo anazitengeneza, na huku akiwasimulia wateja habari yangu, nami katika masimulizi yake nimekwisha kuupiga mlango teke. Sikuupiga.

Sasa sikiliza lililo letu. Kituo kilinipa sehemu ya mshahara kabla ya mwezi kuisha, nikalipa garanti, amana ya kupangia nyumba hapa Ndosho, nyuma ya kanisa. Ina vyumba viwili na paa la mabati lisilovuja. Ua ni mawe meusi matupu, kwa hiyo njoo na viatu vigumu. Ufunguo ninao mfukoni. Mwenye kuleta barua hii anarudi Goma pamoja na mke wake baada ya kuuza mzigo. Nimemlipia nafasi yako, nao watakutunza njiani. Mwachie mke wa kaka yako kuku wote. Usibebe sufuria kubwa.

Nisalimie kaka yako, na umwambie kwamba ukarimu wake hautasahauliwa katika nyumba yetu. Mke wake, aliyekukanda goti. Binti yetu mdogo na mume wake. Katekista wetu, na yule mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza shuleni kwetu, kama bado anakuja kukuamkia. Mwambie mwalimu huyo asifunge mlango wa matumaini, nitamwulizia nafasi Kibati.

Nimekwisha kuhamia, lakini sijapanga kitu. Kitanda kimesimama katikati ya chumba, nami hukizunguka kila nipitapo, kwa sababu mahali pake utapachagua wewe.

Mume wako akungojaye nyumbani kwetu,

Paluku