Uso wa Bénit kwenye jiwe jeusi

Reine, mume wangu Valère amekaa chini hapa dukani Kansanga, mashine ya kusagia mawe mkononi.

Mama Bénit alikuja kuchukua jiwe la kaburi la mwanawe. Jiwe jeusi! Valère aliijaribu kwanza picha ya Bénit kwenye ubao kwa leza, ule mwanga unaochoma, mpaka kila unywele ukaonekana. Akasahau kwamba ubao leza inauchoma mweusi, lakini jiwe jeusi inalichora alama nyeupe. Lazima picha igeuzwe kwanza, cheusi kiwe cheupe.

Sasa kwenye jiwe nywele nyeupe. Mboni nyeupe. Meno meusi! Tena wazi kabisa, Reine, wazi kabisa.

Mama akatazama, akatazama. “Huyu ni nani?”

Valère akawasha mashine. “Samahani mama, nitaufuta huu uso nianze upya.”

Mama akalilalia jiwe.

“Unataka kumsaga mwanangu uso?”