Chumba cha Kelele

Milwaukee, 9 Januari

Mwanangu Duane,

Salamu kwako, kwa Kristin na kwa wajukuu. Mimi mzima, goti tu linagoma baridi ikizidi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanong'ona, na nikikwambia upaze sauti unanuna.

Sasa sikia. Nyumba siuzi. Nakigeuza chumba cha chini ya ardhi kuwa ukumbi wangu wa sinema. Projekta nimeipata kwenye mnada wa vitu vikuukuu kanisani, na spika za marehemu mjomba wako zilikuwa zinashika vumbi tu. Miaka yote baba yako alifanya zamu ya usiku kiwandani, mchana akalala, nami nikatazama filamu sauti ikiwa imezimwa, nasoma midomo ya watu. Nimechoka kusoma midomo. Nataka mizinga ya filamu za vita ilie mpaka meno yatikisike.

Ila Mai See, yule nesi aliyepanga chumba alichokuwa akilala marehemu baba yako, naye yuko zamu ya usiku. Siwezi kumwamsha mtu aliyekesha akiuguza watu. Kwa hiyo nitaziba chumba sauti isitoke, kwa hivi vijisenti vyangu vya pensheni.

Mama yako


Madison, 16 Januari

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo, watoto wana mafua kidogo. Goti lako likandwe na maji ya moto, tafadhali.

Mama, una miaka sabini na moja. Zile ngazi za kwenda chini hata mimi zinanitisha. Dalali wa nyumba niliyemuuliza anasema ukumbi wa sinema utashusha bei, wanunuzi wanataka chumba cheupe, kitupu. Hapa karibu nasi kuna nyumba ndogo nzuri, haina ngazi hata moja. Na kama shida ni sinema, vaa hedifoni. Nakuomba usigonge msumari wowote mpaka tuzungumze.

Mwanao, Duane


Milwaukee, 4 Februari

Mwanangu,

Natumaini mafua yamewatoka watoto. Mimi mzima kuliko mwezi uliopita.

Hizo hedifoni mvalishe dalali. Misumari nimeshagonga.

Kila Ijumaa baada ya ule mlo wa samaki wa kukaanga kanisani, akina mama wa parokia waliniletea trei tupu za mayai. Nikazibandika kwenye kuta zote, chumba kikawa banda la kuku. Mchana nikawasha filamu ya vita. Hata kiti sijakikalia vizuri, Mai See huyo juu ya ngazi, na gauni la kulalia.

"Bi Bernadine, nani katuvamia?"

"Samahani mwanangu, ni sinema."

"Mimi sina neno, ila hao watu wako wanauana chini ya mto wangu."

Kumbe trei za mayai zinapunguza mwangwi humo ndani tu, sauti haizijali hata kidogo. Sauti inazuiwa na uzito. Nikang'oa zote. Nikashindilia sufi ya madini, ile kama pamba nzito, kati ya boriti za dari, nikapigilia mabamba ya jipsamu mbilimbili na gundi laini katikati. Stan wa jirani ananishikia, mimi nafunga skrubu. Mlango ule mwepesi nikautupa, nikaweka wa mbao nzito niliouokota kwenye nyumba inayobomolewa, na ukanda wa mpira pembeni pande zote.

Nikawasha. Mai See akaja tena!

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejenga ukuta nikausahau ufa. Bomba la hewa ya moto ya kupasha nyumba joto linatoka chini na kupanda moja kwa moja hadi kitandani kwake, na mizinga yote inapita humo. Nitalikomesha. Siachi, Duane, usipoteze wino wako.

Mama yako


Madison, 11 Februari

Shikamoo Mama,

Huku wazima. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja na dalali. Ataangalia tu, hutasaini chochote.

Unanisema ninanong'ona. Nilijifunzia wapi? Nilikuwa nikicheka ndani ya mto wa kulalia ili Baba asiamke. Mpaka leo Kristin ananiuliza kwa nini nikicheka naziba mdomo. Nyumba hiyo siitaki, Mama. Wala sitaki uzeekee humo. Iuze.

Mwanao, Duane


(Karatasi iliyobanwa mlangoni, Jumamosi mchana)

Mama,

Nimebisha hodi mpaka vidole vimekufa ganzi. Nimepiga kengele, nimezunguka nyuma kwenye theluji. Gari lako lipo. Mpangaji wako amechungulia, akanionyesha kidole gumba, akafunga pazia, kwa hiyo najua u mzima. Dalali amekasirika na ameondoka.

Duane


Milwaukee, 2 Machi

Mwanangu Duane,

Pole kwa baridi. Natumaini vidole vimepona.

Sikuwasikia. Na hata ningewasikia nisingefungua, mradi yule dalali na futi kamba yake yuko nawe. Bomba la hewa sasa linapita kwenye sanduku la mbao lenye kona, ndani nimelitandika zulia la zamani la sebuleni. Joto linapita, kelele zinafia humo. Mlipobisha nilikuwa katikati ya vita, spika zimefunguliwa hadi mwisho. Mai See anasema siku hiyo kaamshwa na mtu mmoja tu katika nyumba hii, naye alikuwa mlangoni anagonga.

Maneno yako ya mto yameniuma sana. Hukujua kwamba jikoni mimi nilikuwa nacheka ndani ya aproni. Ndiyo maana siuzi. Sitoki humu kabla sijacheka kwa sauti ndani ya kuta hizi, na nimejaribu peke yangu, nikajiona mwehu.

Njoo Jumamosi, bila dalali. Lete bia na soseji. Ufunguo uko chini ya ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu, pale mlangoni. Usibishe hodi, utamwamsha Mai See. Pita kimya, shuka ngazi, funga mlango nyuma yako, halafu piga kelele.

Mama yako