Kebo ya Klachi

Mwende, mjukuu wangu,

Huku mtaani Tena tu wazima, na mama yako amepona kikohozi. Umeniuliza kama umwuzie yule fundi gari lako, maadamu anasema vipuri vyake havitengenezwi tena. Umeniamshia hasira ya zamani!

Tulipokuwa tukiishi mtaa wa Ziwani, baba yangu, dereva, aliachiwa na mwajiri wake gari kuukuu la spoti, la viti viwili. Majirani walimcheka: "Mzee, watoto sita utawatia kwenye buti?" Kebo ya klachi ikakatika, tukaipeleka duka la vipuri.

"Hizi haziundwi tena," muuzaji akasema. "Hiyo gari sasa ni skrapu. Niuzie mimi leo, mzee, nikuondolee mzigo."

Baba alikaribia kukubali. Mimi nilikuwa msichana wa haya, shuleni wakiniita bubu, lakini siku hiyo nilichemka.

"Kama ni skrapu, wewe unaitakia nini?"

Yule bwana akababaika. "Unasoma shule gani, wewe?"

Baba akachukua kebo yake, tukatoka. Akatia waya wa pikipiki ndani ya gamba lilelile la kebo. Klachi ilikuwa nzito kweli, lakini Jumapili tulizunguka mtaa mzima sisi wawili, na kila kona baba alinigeukia: "Unasoma shule gani, wewe?"

Nyanya yako anayekupenda.